Jibu: Mwenzetu wa kwaya anaishi na mwanaume bila ndoa, tumwambieje?

Bwana asifiwe dada. Umesema mwenzenu wa sauti ya pili ameacha kuja mazoezi, mnasikia anaishi na mwanaume bila ndoa, na wengine wanataka aitwe mbele ya kamati ya kwaya. Mi ni mzee wa kanisa kwenye usharika wa Kilutheri huku Kilimanjaro, kesi za hivi nimekaa nazo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hapo kwenye kamati mmeruka hatua. Mathayo 18 Yesu mwenyewe kaweka utaratibu, unaenda wewe na yeye peke yenu, asiposikia ndo unachukua mmoja au wawili, kanisa linakuja mwisho kabisa. Sisi tunaanzia mwisho afu tunasema ni nidhamu. Na kuna ile mbaya zaidi, mtu anaandika kwenye grupu la WhatsApp "wapendwa tumuombee dada fulani anapitia kipindi kigumu", ikifika jioni usharika mzima unajua. Huko si kumuombea mtu, ni kumtangaza.

Kwetu kuna binti mwanakwaya alipata mimba. Barazani wengine walitaka atengwe moja kwa moja, asishiriki meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya usharika atubu. Mama mmoja, mzee mwenzetu, akasema ngojeni kwanza. Akaenda peke yake, mara ya pili ndo akanichukua na mimi. Tukamkuta binti anafua uani, yule mama kiti alicholetewa hakukikalia, akakunja mikono ya gauni akaanza kusuuza na kuanika huku wanaongea habari za mvua na bei ya maharage, mi nimesimama tu pale. Nguo zilipoisha binti mwenyewe ndo akaanza, "mama najua mmefuata nini". Na hapo mama hakuzunguka kabisa, akamwambia mwanangu hii ni dhambi na wewe unajua, ila kanisani bado ni kwenu, sasa baba wa mtoto yuko wapi? Kumbe ni mpiga kinanda wetu, kila Jumapili yuko pale mbele anapiga na hakuna aliyemuuliza kitu! Hili linaniuma mpaka leo jamani, tunawaandama mabinti kwa sababu tumbo linaonekana. Jioni ile ile tukamfuata na yeye. Baadaye walikwenda kwa mchungaji wote wawili, hakuna aliyewaburuta.

Najua kuna watakaosema huko ni kufuga dhambi. Mama yule aliitaja dhambi kwa jina lake, ila alishamfulia kwanza. Wagalatia 6:1 inasema aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole, yani shida yetu ni arudi, sio aumie. Wengine watakuletea Paulo alivyompinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, na ni kweli, lakini Petro alikuwa amejitenga mezani na watu wa Mataifa, yani wasio Wayahudi, waziwazi mpaka Barnaba naye akachukuliwa, kosa lilikuwa linavuta wengine. Angalia Apolo basi, Matendo 18, anafundisha kwenye sinagogi la Efeso na anaujua ubatizo wa Yohana tu, Prisila na mumewe Akila hawakumkatiza mbele za watu, walimchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi.

Kwa huyo mwenzenu asiende mwenyekiti, aende yule anayeweza kuingia mpaka jikoni kwake. Na aanze kwa kuuliza, maana mpaka sasa mmesikia tu, inawezekana mahari haijakamilika au wazee wamegoma, mambo ya posa mnayajua wenyewe. Ikiwa ni kweli, aambiwe wazi mara moja, sio kila mkikutana ni somo lile lile. Akikataa endeleeni kwenda kwake, akiumwa muende, akijifungua muende. Na sare yake ya kwaya msimpe mtu mwingine.