Nilivyojifunza Kumpima Mgombea Urais kwa Swali Moja

Katika kampeni za urais wa Kenya za mwaka 2017 nilikuwa hodari wa matusi. Nasema hivi kwa haya kidogo, maana nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, karani katika ofisi ya uwakala wa forodha huku Changamwe, Mombasa, na kila jioni niliketi barazani na wenzangu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, tukitumiana video za mikutano ya hadhara na kupima ni nani aliyemvua mwenzake nguo vizuri zaidi. Upande wa Rais Uhuru Kenyatta uliimba "Tano Tena", upande wa Raila Odinga ukaitikia "Tibim, Tialala" na kuahidi kutuvusha hadi Kanaani. Tulicheka, tukanuniana, na wawili kati yetu wakaacha kusalimiana kwa miezi kadhaa.

Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo barazani, reli mpya ilikuwa imekwisha kuzinduliwa. Treni ya abiria ilifunguliwa rasmi Miritini tarehe 31 Mei 2017, miezi miwili na ushei kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, na katika kampeni nzima reli hiyo ilitajwa ama kama fahari ama kama wizi. Sisi ambao chakula chetu chote kilitoka kwenye makontena hatukuuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeliuliza: reli hii ikianza kubeba mizigo, makontena hayo yatakaguliwa na kulipiwa ushuru wapi, hapa Mombasa au Nairobi?

Jibu lilikuja Agosti 2019, pale agizo lilipotolewa kwamba mizigo inayokwenda Nairobi na bara ibebwe kwa reli na ikatolewe kwenye bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Watu waliandamana mjini, agizo likalegezwa kidogo, kisha mwaka 2020 mizigo ya nchi jirani nayo ikaelekezwa Naivasha. Ofisini petu palikuwa na meza saba. Zilibaki tatu, na yangu haikuwa mojawapo. Mama aliyekuwa akituuzia wali kwenye lango la yadi, ambaye zamani alimaliza sufuria mbili kabla ya adhuhuri, nilimkuta siku moja saa tisa alasiri akifunika sufuria moja iliyochotwa upande mmoja tu, na huko nje hapakuwa na trela hata moja lililoegeshwa.

Kilichoniuma zaidi ni kufahamu baadaye kwamba jambo lenyewe halikuwa la ghafla. Mkopo wa reli ulitoka Benki ya Exim ya China mwaka 2014, na mwaka huohuo Mamlaka ya Bandari ilijifunga kwa mkataba kuipatia reli kiwango fulani cha shehena ili deni lilipike. Kwa maneno mengine, miaka mitatu kabla ya ile kahawa yetu, riziki yetu ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi, na wagombea wakuu wote wawili wangeweza kuulizwa kuihusu. Hawakuulizwa kwa sababu sisi wenye swali tulikuwa tunashughulika na nani kaitwa nani.

Ndipo nikanunua daftari. Ushauri wangu wa kwanza, na pengine ndio wa maana kuliko mwingine wote, ni kwamba kabla hujamsikiliza mgombea yeyote, andika kwa mkono wako jambo moja linaloamua kama nyumba yako itakula au haitakula katika miaka mitano ijayo. Liandike kwa lugha ya kazi yako. "Uchumi" ni neno kubwa mno, na mgombea yeyote anaweza kuogelea ndani yake asiguse ukingo. Mimi niliandika: "Kontena la mteja wa Nairobi litatolewa wapi, na agizo la 2019 litafutwa lini?" Mvuvi wa Kipini au mkulima wa mahindi wa Kitale ataandika lake, na hatalitoa kwangu.

Baada ya hapo chunguza kama jambo hilo limo katika mamlaka ya rais. Hapa watu wengi hupotea, na wanasiasa wanajua kwamba tunapotea. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti: reli ni ya serikali kuu, lakini zahanati ya mtaani na shule ya chekechea ziko chini ya kaunti. Mgombea urais anayekuahidi dawa katika zahanati yako anazungumzia kazi ya gavana, na ni haki yako kumuuliza atapitia mlango gani.

Mwaka 2022 nilizisoma ilani zote mbili kubwa, ya Azimio, muungano wa Raila, iliyozinduliwa mapema Juni, na ya Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwezi huo. Barazani walinicheka, wakaniita mwalimu. Sitasema nilimpigia nani kura, maana siri ya kura ni ya mwenye kura, lakini nitasema kilichofuata kwa sababu kina somo la pande mbili. Siku alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Nililisikia tangazo hilo redioni nikiwa nauza kredi na mayai, na baada ya miezi kadhaa nikapata tena meza, katika ofisi nyingine na kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani.

Upande wa pili wa somo ni huu. Ilani ya Kenya Kwanza ilikuwa imeahidi nyumba mpya 250,000 kwa mwaka, na mimi niliupita ukurasa huo haraka kwa kuwa sikuwa nikitafuta nyumba. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopita, karatasi yangu ya mshahara ilikuja na mstari mpya wa makato ya nyumba, asilimia 1.5, na mafuta ya gari yakapandishwa ushuru wa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwa hiyo siku hizi kila ahadi ninayoisoma naiandikia pembeni swali dogo: fedha zake zitatoka mfuko wa nani? Kama ilani haisemi, basi mara nyingi mfuko wenyewe ni wako.

Kuna wanaonipinga wakisema kwamba tabia ya mgombea ni jambo la maana, na kwamba nikiyaziba masikio yangu nitamchagua mwizi mwenye ilani nzuri. Nakubaliana nao nusu. Katiba yenyewe ina Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, na uadilifu ni hoja kama bandari ilivyo hoja. Tofauti ninayoiweka ni ya karani: je, tuhuma ina karatasi? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hukumu ya mahakama au kumbukumbu za Bunge ninazisoma na kuziweka kwenye daftari. Mtu akisimama juu ya gari akasema mpinzani wake ni mchawi, ni mzee, ni wa kabila fulani au amezaliwa na baba fulani, mimi sina mahali pa kuandika. Hata kicheko changu sasa nakibana, ingawa nakiri kwamba baadhi ya matusi yametungwa kwa ustadi mkubwa, na Mswahili hapendi kuuacha utani mzuri upite bure.

Nawasihi pia mtazame midahalo, na hasa mtazame kiti kilicho kitupu. Tarehe 24 Julai 2017 Raila Odinga alijibu maswali peke yake kwa sababu Rais Uhuru Kenyatta hakufika. Tarehe 26 Julai 2022 Raila naye hakufika, na Ruto akabaki peke yake jukwaani. Barazani kwetu, wale waliokilaani kiti kitupu cha kwanza ndio waliokitetea cha pili, na waliokitetea cha kwanza wakakilaani cha pili. Mimi vyote viwili nimeviandika kwa kalamu moja.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Binti yangu aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, kwa hiyo atakuwa katika kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, kufanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, miezi michache tu baada ya kura, na akifaulu atakutana na utaratibu wa karo za vyuo vikuu ulioanza 2023, unaowaweka wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa wazazi wao. Swali la makontena nimelihamishia ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza nimeandika: "Karani wa Changamwe atawekwa kundi la ngapi, na akikataa kundi hilo atakata rufaa kwa nani?" Nitakwenda nalo uwanja wa Tononoka siku mgombea wa kwanza atakapokuja.