Mhasibu Anayetaka Kukokotoa Hasara Mahakamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu, na kwa sasa ninatunza hesabu za kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Wakili mmoja alinieleza kuwa katika kesi za biashara wapo wataalamu wanaoithibitishia mahakama kiasi cha hasara. Je, mhasibu wa huku kusini anaweza kuifanya kazi hiyo? – Msomaji, Masasi.

JIBU: Anaweza, ndugu yetu, na hapo ulipo panakufaa kuliko unavyodhani. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kuwa ingeweza kutokea. Hata hivyo, mahakama zetu zinasisitiza kwamba fidia mahususi, yaani ya hasara inayohesabika kwa fedha, itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, na hapo ndipo mtaalamu anapohitajika.

Chukulia kuwa mashine za kubangua zilizoagizwa kwa mkataba zimechelewa kuletwa na msimu umepita. Mwenye kiwanda, kwa uchungu alio nao, atataka kudai thamani yote ya korosho ambazo angeuza, jambo ambalo si sahihi. Mtaalamu hukadiria mapato ambayo yangepatikana kama mkataba ungeheshimiwa, kisha huondoa bei ya korosho ghafi ambazo hazikununuliwa, ujira wa wabanguaji ambao hawakuitwa kazini, umeme ambao haukutumika, na chochote ambacho kiwanda kiliingiza katika kipindi hicho. Halafu huchunguza kama hasara ingeweza kupunguzwa, pengine kwa kubangulisha kwingine, kwa kuwa kifungu hicho hicho kinataka hilo lizingatiwe. Kila tarakimu iwe na hati yake: stakabadhi za ghala, bei za mnada, taarifa za benki. Hati hizo unazishika kila msimu, na anayezijua hivyo hababaiki anapododoswa kizimbani.

Kama bado huna CPA, sifa ya juu ya uhasibu inayotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), itafute, kisha ufanye ukaguzi wa hesabu kwa miaka kadhaa na ujifunze uthamini wa biashara. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maoni ya wataalamu, ingawa hakimu au jaji hafungwi nayo. Kwa sababu hiyo, usikubali kamwe ujira unaotegemea ushindi wa aliyekuita, kwani ushahidi wako utapoteza uzito mara jambo hilo litakapojulikana. Aidha, usiache kazi ya ukaguzi mapema, maana kesi za namna hii haziji kila mwezi.