Wadogo zangu wa barabara ya Tunduma, mashine si ya siku ya kupimwa

Jumatatu iliyopita nilikaa kwenye benchi la kusubiri kupimwa afya hapa Mbeya pamoja na vijana wanne, madereva wa semi kama mimi. Wawili kati yao wameshaandikiwa CPAP, mashine ya kuvaa usiku inayosukuma hewa kwa mtu anayekatika pumzi usingizini. Mmoja alikuja na mashine ikiwa ndani ya boksi lake, selotepu ya dukani haijatolewa. Mwenzake alikuwa anajaza fomu ya usingizi. Maswali manane, yote kaweka sifuri, yaani hasinzii popote. Alipomaliza kujaza akaegemea ukuta akalala, na muuguzi alimwita mara tatu ndipo akashtuka. Benchi zima lilicheka, nami nilicheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza, maana makosa yale nayajua yote, na moja kati yake lilikaribia kuua mtu. Haya nimeyaandika kwa ajili yenu.

1. Fomu ile ijaze kwa ukweli. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 24, na ukivuka 10 daktari anajua unasinzia kupita kawaida. Moja ya maswali linauliza kama unaweza kusinzia gari likiwa limesimama kwenye foleni dakika chache. Jamani, nani kati yetu hajawahi kupigiwa honi foleni ya Tunduma kwa sababu wa mbele kasogea na yeye kalala? Halafu unaandika sifuri. Daktari anakutazama shingo, na mzunguko wake ukizidi sentimita 43 tayari ana swali. Anapima presha iko juu na dawa unameza. Kisha anaona sifuri nane. Hapo hujajisaidia, umemwambia tu kwamba karatasi yako nzima aisome kwa mashaka.

2. Maandalizi yanaanza siku uliyokabidhiwa mashine. Hili ndilo nililokosea, na nitalieleza lote.

Mwaka 2017 nilipimwa usingizi Dar es Salaam. Majibu yakatoka kwamba pumzi yangu inakatika au inapungua mara 41 kwa saa. Daktari akanieleza taratibu: chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ya kati, ikivuka 30 ni kali. Koo linalegea ukilala, njia ya hewa inaziba, ubongo unashtuka kukuamsha uvute pumzi, na asubuhi hukumbuki lolote. Mashine kazi yake ni kusukuma hewa ili njia isizibe. Akaniambia ni wazo la daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliyelichapisha mwaka 1981. Nikaitikia yote. Nikapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, pamoja na upimaji wa afya wa kazini.

Usiku wa kwanza nilivaa barakoa dakika kumi. Pua ilikauka, nikahisi nimefungiwa ndani ya gunia. Na nilikuwa naona aibu. Utingo wangu alikuwa kijana wa Tukuyu, amelala kiti cha mbele, na mimi dereva wake niliyemfundisha kufunga turubai nimelala na mpira usoni kama mgonjwa wa wodini. Nikairudisha kwenye boksi, boksi likaenda chini ya kitanda cha kabini. Likakaa huko wiki tisa.

Zilipobaki wiki tatu nikakumbuka kuwa mashine ina kadi inayohesabu saa. Nikaanza kuiwasha kila usiku, barakoa naining'iniza kwenye pazia, mimi nalala pembeni nakoroma kama kawaida. Makambako, Mpemba, Tunduma, kila tulipopaki mashine ilipuliza pazia hadi alfajiri. Yule kijana akaniuliza usiku mmoja, "Mzee, kwani pazia ndilo linaloumwa?" Nilimfokea. Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nilimfokea.

Tukarudi na mzigo wa kopa, yaani shaba, kutoka Zambia. Tulilala Makambako, yaani nililala saa saba nzima, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Tumepita Mafinga, misitu ya misonobari imeisha, tunaielekea Ifunda, kumepambazuka, barabara imenyooka na haina gari. Sikumbuki kufumba macho. Ninachokumbuka ni mkono wa yule kijana kwenye usukani na sauti yake ikiita jina langu bila kuweka "mzee". Tela lilikuwa limeshakula pembeni ya lami. Mbele yetu kulikuwa na mama amebeba ndoo kichwani. Aliitupa ndoo na kurukia majani. Kijana alivuta usukani, mimi nikakanyaga, tela likayumba mara mbili kisha likatulia.

Kwenye kioo nilimwona yule mama amesimama, mikono kichwani. Sikusimama. Naandika hili kwa mara ya kwanza: sikusimama kumwuliza kama ameumia wala kumlipa ndoo yake. Niliendesha hadi Iringa bila kusema neno, na kijana naye hakusema neno. Kila nikipita pale hadi leo napunguza mwendo, naangalia pembeni, kama vile nitamkuta.

Siku kumi baadaye niko mbele ya daktari. Alichomoa kadi, akaiweka kwenye kompyuta yake, akatazama kwa muda mrefu. Saa zilikuwepo, nyingi na nzuri. Lakini mstari wa kuvuja kwa hewa ulikuwa juu usiku kucha, na mstari wa pumzi ulikuwa umelala kama tambarare ya Usangu. Akanigeuzia kioo nikaona mwenyewe. Akauliza kwa upole, "Huyu aliyetumia mashine alikuwa anapumua?" Nilitamani anitukane. Akaandika kwamba kwa sasa sifai kuendesha, nirudi baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu nilikaa nyumbani bila posho ya safari. Mke wangu aliuza viazi kutupitisha. Nilivaa barakoa kila usiku, wiki ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa mazoea, na ya tatu nikaamka siku moja alfajiri nikiwa mwepesi hata nikadhani kuna kitu nimesahau. Mke wangu alisema aliamka katikati ya usiku kwa sababu chumba kilikuwa kimya, akaniwekea mkono kifuani kuhakikisha nipo. Niliporudi kwa daktari pumzi ilikuwa inakatika mara 3 kwa saa, presha iliyokuwa 162 kwa 100 ilikuwa 138 kwa 86, dawa ni zilezile. Nikapewa cheti cha mwaka mmoja.

Yule kijana leo ana gari lake. Hajawahi kumsimulia mtu habari ya ile ndoo.

3. Hesabu ya saa. Daktari wangu anatumia kipimo kilichozoeleka Marekani: saa 4 au zaidi kwa usiku, angalau asilimia 70 ya siku. Kwa siku 30 ni siku 21. Msianze kupiga hesabu za siku tisa za kupumzika, mimi nawajua. Kile ni kiwango cha chini, na koo halijui kwamba leo ni siku ya mapumziko.

4. Siku ya kwenda, beba mashine, kadi, waya wa umeme, barakoa na dawa zako zote kwenye pakiti zake. Mwaka jana dogo mmoja alitoka Njombe na mashine bila kadi. Alirudi Njombe kuifuata.

5. Presha. Meza dawa yako asubuhi kama siku zote. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu acha. Nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika tano umetulia, miguu sakafuni, usiongee. Kama una mkono mnene omba mkanda mpana, ule mdogo unapandisha namba. Habari za kunywa ndimu na vitunguu swaumu alfajiri ya kupimwa muachane nazo. Kuna mmoja alikunywa glasi mbili, presha haikushuka, na chumba cha daktari kilinuka hadi mchana.

6. Baridi yetu. Juni na Julai huku juu hewa yenye unyevu inapoa ndani ya mpira wa mashine na kugeuka maji, unaamka maji yanakumwagikia usoni. Weka mashine chini kuliko kichwa, mpira uvishe kitambaa au upitishe ndani ya blanketi. Mashine za zamani zinahitaji kurekebishwa kwa ajili ya mwinuko, na Mbeya tuko mita kama 1,700, kwa hiyo kama yako ni ya mtumba muulize fundi wake. Umeme wa kabini ni volti 24: tumia kigeuza umeme kinachoendana na mashine, msiunge waya kienyeji kwenye betri. Ukizima sehemu ya kupasha maji, betri inatunzika.

7. Pombe inalegeza koo. Dawa za usingizi za dukani vilevile. Mirungi haitibu chochote, inakuchelewesha tu kulala, na ukilala unakatika pumzi kama jana.

8. Matajiri wengine wataona mashine na kusema huyu mgonjwa. Mwambie tajiri kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ndiyo inayomtaka awapime wafanyakazi wake, na kwamba dereva aliyepimwa, akatibiwa na kadi yake ikaonyesha hivyo, ni salama kuliko yule anayekoroma kwenye benchi. Mpeni nakala ya ripoti. Wangu aliisoma mara moja, hakuuliza tena.

Na wewe wa boksi lenye selotepu, mdogo wangu, nakuandikia wewe zaidi. Barakoa uliyopewa naona ni kubwa kwa uso wako, na zile ndevu zitavujisha hewa usiku kucha. Niko yadi pale Iyunga hadi Ijumaa jioni. Nyoa, njoo na boksi lako, tulifungue pamoja na nikufunge mikanda mimi mwenyewe.