Kabla Hujasema Mita Ni Mbovu

"Fundi, njoo unibadilishie mita, hii yangu inakula stima." Simu za aina hii nazipokea kutoka mitaa ya Nairobi, Kayole, Umoja hadi Pipeline, hasa mwezi ukielekea kuisha. Mtu ameshaamua ugonjwa na dawa pia, mimi nimebakiziwa kubeba plaizi tu. Na mita yenyewe si yangu kuigusa, ni mali ya kampuni ya umeme.

Mimi huuliza kwanza: tokeni, yaani stima unayolipia kabla ya kutumia, zinaisha haraka kivipi? Je, shilingi 500 siku hizi zinakupa yuniti (kilowati-saa) chache kuliko zamani? Au yuniti ni zile zile ila hazimalizi wiki? Watu huyachanganya haya mawili, na ndipo hela hupotea kwa mafundi.

Kama ni la kwanza, hakuna fundi wa kukusaidia. Bei ya yuniti hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi kufuatana na gharama ya mafuta na bei ya dola, na juu yake kuna kodi ya VAT ya asilimia 16. Tena tangu Aprili 2023, nyumba ya yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi ina bei yake, ya hadi 100 ina yake, na inayopita hapo hulipa zaidi. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo wageni wa Desemba unaweza kuwalipia hata wakishaondoka. Pesa uliyolipa na yuniti ulizopata utaziona kwenye mesegi ya tokeni, ambayo wengi hunakili namba na kuifuta.

Kama ni la pili, hapo sasa kuna kazi. Soma salio la yuniti kila usiku saa ile ile, uandike. Halafu zima kila kitu, chomoa na friji, utazame ile taa nyekundu ya mita, inayopepesa stima ikitumika. Mita nyingi huku kwetu hupepesa mara 1,000 kwa yuniti moja.

Mama mmoja wa Kayole aliniapia kwamba jirani amejiunganisha kwake. Tukazima vyote, taa ikatulia kabisa. Nikamwambia, "Mama, washa balbu moja." Balbu ya wati 9 hupepesesha mita mara moja kwa karibu dakika saba, tukachoka kungoja. Kisha nikafungua shawa ya moto. Pa, pa, pa, zaidi ya mara moja kwa sekunde! Shawa kama ile, ya wati 5,500, ikifunguliwa dakika kumi inakaribia kumaliza yuniti nzima. Na watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakigombezwa kila siku kwa kuacha taa ya sebuleni. Jirani wa watu naye alikuwa hasalimiwi tena.

Wizi wa stima upo, sikatai, na kwenye ploti za zamani nyaya zimepitishwa utadhani mtu alikuwa anafunga mzigo wa kuni. Lakini usianze na mwizi.

Kwa hivyo ukinipigia, nitumie mesegi ya tokeni ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, ficha tu namba. Niambie pia taa ya mita inafanya nini nyumba ikiwa imezimwa yote. Ikiwa bado inapepesa, zima swichi kuu, usiguse waya wowote, nami nitakuja siku hiyo hiyo.