Umeambiwa una uvimbe tumboni? Uliza kwanza kama damu inapita

Mimi kazi yangu ni utrasaundi, na kila siku naletewa watu washaambiwa "una uvimbe tumboni", mtu kashaanza kuaga ndugu, kumbe bado hakuna aliyeangalia kama hicho kitu ni nyama au ni mshipa wa damu tu umetutumka.

Ishu ni kwamba kwenye utrasaundi ya kawaida kimiminika kinaonekana cheusi, iwe maji ya sisti (kifuko cha majimaji) iwe damu inayokimbia. Kuna mama alikuja na karatasi imeandikwa sisti ya kongosho, kiduara cheusi kama sentimita 2 na ushee hivi karibu na bandama, na keshapangiwa kuchomwa sindano wachukue majimaji. Nikawasha dopla, ile sehemu ya utrasaundi inayoonyesha damu inayotembea kwa rangi, weee, rangi zikajaa mle ndani, nusu nyekundu nusu bluu, zinazunguka. Nikamwambia mama yangu hapa hachomi mtu, ngoja nimwite daktari. Ilikuwa ateri ya bandama, mshipa unaopeleka damu kwenye bandama, imevimba, hii inawapata zaidi wanawake hasa waliozaa mara nyingi, na ikipasuka wakati wa ujauzito inaweza kuua mama na mtoto.

Kwa hiyo kabla hujakubali sindano au kukatwa kipande cha nyama cha kupima, uliza dopla iliwashwa? Ila rangi isipoonekana usikimbilie kusema kansa, maana damu ikiganda ndani ya mshipa rangi haiji, na rangi ikionekana nayo usihitimishe ni mshipa tu, maana uvimbe wenyewe nao una vimishipa vyake.

Hapo ndo siti skani inaingia, na iwe ya dawa ya mshipani inayofanya mishipa ing'ae kwenye picha, bila dawa kwa swali hili utachoma hela bure. Wanapiga kama sekunde 30 tangu dawa iingie, halafu tena kwenye 70 hivi: mshipa uliovimba unang'aa sawa na aota (mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo) na unafifia pamoja nayo, uvimbe wa nyama unashika dawa kivyake. Hemanjioma ya ini, uvimbe wa vimishipa vya damu usio kansa, inaanza kung'aa pembeni mabonge mabonge inajaa taratibu kuelekea katikati, na hiyo wengi wanazeeka nayo bila shida yoyote.

Kabla ya dawa wapime kriatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo), na sema kama una mzio au unatumia metformini, dawa ya kisukari. Halafu dai CD ya picha, sio ripoti peke yake, daktari wa pili akitaka kuangalia upya aone mwenyewe badala ya kukurudisha kwenye mashine.