Maswali yenu: Rangi ya mboga ina kazi gani kichwani?

Mara iliyopita niligusia kwa maneno mawili tu rangi za mboga na ubongo, mkaniletea maswali ya gunia zima. Leo najibu manne.

Mama mkwe wangu ana miaka 71. Anauliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa. Jirani ananiuzia vidonge vya luteini, eti vinarudisha kumbukumbu. Ninunue? (Mama wa Kadutu)

Usinunue, mama. Luteini yenyewe si uongo. Ni rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani cha lengalenga na matembele. Hata kiini cha yai huipata kwenye majani na mahindi aliyodonoa kuku. Mwili wetu hauwezi kuitengeneza, ila tukiila hujikusanya nyuma ya jicho na ndani ya ubongo. Ndiyo maana wataalamu waliitilia matumaini, kisha wakaipima. Huko Marekani wazee zaidi ya 3,500 wenye ugonjwa wa macho walifuatiliwa miaka mitano, baadhi yao wakimeza miligramu 10 za luteini kila siku. Majibu yalitoka mwaka 2015: kwenye majaribio ya kumbukumbu, waliomeza hawakuwapita wenzao.

Majani yenyewe yana habari nyingine. Chicago, wazee 960 waliulizwa wanakula nini, wakapimwa akili mwaka hadi mwaka. Waliokula majani ya kijani karibu kila siku, akili zao zilichoka polepole kuliko za wale ambao hawayagusi, tofauti inayolingana na kuwa mdogo kwa miaka 11. Inavutia, lakini hao walitazamwa tu, hakuna aliyepangiwa sahani. Mla mboga huenda pia anatembea sana na havuti sigara, na hesabu haiwezi kuyachuja yote hayo. Mimi nayaamini majani kuliko vidonge, ila siapi.

Pesa ya jirani itumie kumpeleka mama akapimwe presha, sukari, damu na tezi ya shingo. Usahaulifu mwingine unatibika. Mpimishe na masikio: mzee asiyesikia vizuri huuliza tena na tena, nyumba nzima ikadhani amesahau.

Mke wangu huchoma mawese mpaka yawe meupe ndipo akaange. Kuna hasara? (Baba wa Panzi)

Ipo, na unaiona ikipanda na moshi. Wekundu wa mawese ni karoteni, ndugu wa ile inayoipa karoti rangi yake, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Moto mkali unaivunja, mkabaki na mafuta matupu. Samaki wadogo, sambaza, mkaangie mafuta mengine; mawese myatie kwenye sombe (majani ya muhogo) au maharage, yaive humo pamoja. Kijiko kinatosha, maana karibu nusu ya mawese ni yale mafuta ya kuganda ambayo mishipa haiyapendi, na mishipa ikiziba ubongo ndio unaokosa damu.

Halafu, baba, kama unavuta sigara, usikimbilie karoteni ya vidonge. Ufini waliwapa wavutaji wa sigara, katika jaribio la wanaume 29,000; mwaka 1994 ikaonekana saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Karoteni ya chunguni haina kesi hiyo.

Binti yangu amerudi kutoka masomoni, anasema nachemsha sombe mpaka naua rangi yote, ichemke dakika kumi tu kama spinachi. Ni kweli? (Mama wa Muhungu)

Mwambie nimekataa, tena kwa nguvu. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga kunaifungua, kuyachemsha sufuria ikiwa wazi kunaitoa na mvuke. Sumu hiyo hiyo, kwenye mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ya watoto na akina mama. Hatuwezi kutafuta rangi ya kulinda ubongo kwa kula sumu ya mishipa ya fahamu.

Kijani kinachogeuka kuwa kama kahawia ni klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, iliyopoteza madini yake ya magnesiamu. Luteini huvumilia moto zaidi, na jani lililotwangwa likapata mafuta huiachia kirahisi. Ila acha kutia bikarbonati ili sombe ibaki kijani. Inapendezesha macho tu, huku ikiharibu vitamini C na B1.

Nakunywa juisi ya betrave (kiazi chekundu) kila jioni ili nishike masomo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Leo asubuhi mkojo wangu ni mwekundu! (Mwanafunzi, Bagira)

Glasi ya jioni haitakufundisha kemia, mdogo wangu. Usingizi utakusaidia zaidi. Huo wekundu ni betanini, rangi ya betrave, ambayo kwa baadhi ya watu hupita mwilini bila kuvunjika. Acha juisi siku mbili. Mkojo ukibaki mwekundu, hiyo si betrave tena: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, mtihani au hapana.