Maswali yenu: asteroidi mpya na njia yake

Mapema 2025 tulisikia asteroidi (jiwe la angani linalozunguka Jua) iitwayo 2024 YR4 huenda ikatugonga mwaka 2032. Uwezekano ukapanda hadi asilimia 3, mara ukaanguka. Walikuwa wanabahatisha? (Dereva wa bajaji, Tabata)

Hapana, kaka. Darubini ya ATLAS huko Chile iliiona tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya kutupita, kwa hiyo vipimo vya kwanza vilikuwa vichache. Simama Coco Beach, utazame mtumbwi ulio mbali kwa dakika mbili tu. Utasema mtumbwi utafika popote kati ya Kawe na Feri. Tazama zaidi: sasa ni kati ya Masaki na Ocean Road. Wewe bado umo humo, na eneo limepungua, basi uwezekano wa kukufikia wewe umepanda. Tazama tena: kati ya Ocean Road na Feri. Umetoka, na uwezekano umeporomoka. Dunia ilikuwa kama wewe hapo ufukweni, na ndicho kilichotokea Februari 2025. Namba ile kupanda ilikuwa dalili kwamba kazi inafanyika sawasawa, na naumia kuona watu walivyotishwa nayo.

Njia yake wanaijuaje? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mbagala)

Vipimo vitatu vya mahali ilipo angani vinatosha kukadiria obiti ya kwanza, yaani njia yake ya kuzunguka Jua. Kuisahihisha kunahitaji wiki, hata miaka. Njia ninayoipenda ni kupekua picha za zamani: asteroidi nyingine, Apophis, iligunduliwa Juni 2004, na Desemba ikatutia hofu kwamba ingetugonga 2029. Kisha ikaonekana kwenye picha za Machi mwaka huohuo, hofu ya 2029 ikaisha.

Inaweza kuja bila kujulikana? (Mama lishe, Buguruni)

Ndogo, ndiyo, mama. Asteroidi 2008 TC3, ya mita nne hivi, ilionekana tarehe 6 Oktoba 2008, na kesho yake ikapasukia juu ya jangwa la Sudan. Wanafunzi wa Khartoum waliokota vipande vyake.

Apophis tutaiona? (Mwalimu, Kigamboni)

Ndiyo, mwalimu, usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kwa macho matupu, ikipita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Vipimo vya rada vya 2021 vimeondoa hatari kwa miaka 100. Shida yetu ni mawingu ya masika na taa za mji. Nimeshawaambia wanangu: tutakwenda Dodoma.